Pikipiki ya Fundi Cherehani

Pikipiki ilimzimikia katikati ya barabara ya sokoni, saa ambayo kila mtu ana haraka na hakuna mwenye adabu. Yule fundi cherehani akaiwasha, ikatetemeka, ikazima. Akaiwasha tena, ikazima tena. Honi zikamwandama, na gauni lake la manjano, alilolishona mwenyewe, likamganda mgongoni kwa jasho.

"Ukiachia mafuta inazima, siyo?" aliuliza kijana mrefu mwenye ovaroli iliyojaa oili, kutoka kwenye gereji iliyokuwa kando ya barabara. "Isukume huku, dada, kabla hawajakumeza."

Alifungua plagi, akaisugua kwa brashi. Akashusha kabureta, akapuliza vitundu vyake vilivyoziba kwa uchafu wa petroli. Mwisho akamwonyesha skrubu ndogo pembeni. "Hii ndiyo inayoshika mlio usipovuta mafuta. Ikilegea kidogo tu, pikipiki haikai. Sikiliza."

Injini ikanguruma taratibu, bila kukata.

"Na wewe unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Basi sote mafundi. Ikisumbua rudi, fundi mwenzangu."

Ikasumbua. Ilisumbua wiki iliyofuata, na nyingine tena, kwa sababu kila alipomkumbuka alichukua bisibisi ndogo ya cherehani akailegeza ile skrubu. Tusimcheke. Mwanamke mwenye kaka mkali na baba mgonjwa wa kuuguza, angepita gereji kwa kisingizio gani? Kijana naye aliikaza bila kuuliza, wakakaa kwenye benchi wakitaniana. Simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Pikipiki inakusalimia."

Asubuhi moja baba yake alibanwa na kifua. Kaka aliendesha, mzee katikati, yeye nyuma akimshikilia. Jana yake alikuwa ameilegeza skrubu. Pikipiki ilizima kwenye kila makutano, na kila mara kaka alihangaika kuiwasha huku akitukana. Hata sarafu ingeikaza, lakini ingebidi aseme amejuaje. Akanyamaza, akiomba iwake. Mzee alikata roho mikononi mwake, hospitali wakiiona.

Baada ya mazishi kaka alikwenda gereji, akampiga yule kijana mbele ya wateja. "Umemuua baba yetu kwa ufundi wa kubabaisha," alisema. Wateja wakamkimbia. Fundi cherehani akaacha kupokea simu zake kwa aibu, hadi siku aliposhindwa kuvumilia, akaenda. Alimkuta akifungasha vifaa.

"Nahama," kijana alisema. "Hapa hakuna tena anayeniletea kazi."

"Kuna jambo hujui. Ile skrubu..."

"Ilikuwa na mikwaruzo ya bisibisi ndogo. Sisi hatutumii bisibisi ya namna ile." Hakuinua macho. "Nilijua tangu mara ya pili. Nikafurahi unakuja, nikanyamaza. Ningekukataza siku ile, mzee angefika."

"Kaka alipokupiga, kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungelala wapi?"

Hakuwahi kumpenda kama alivyompenda dakika ile, na mapenzi yale yalimuuma. Alitoa simu, akampigia kaka yake palepale.

"Kaka, fundi hana kosa. Pikipiki niliiharibu mimi. Nilikuwa nailegeza mwenyewe nipate kumwona."

"Baba aliniuliza pikipiki ina nini," kaka alisema. "Pale makutano. Nikamwambia sijui. Na wewe ulikuwa nyuma yake, unasikia." Akakata simu.

Kijana alimsogezea benchi, lakini hakukaa.

"Twende wote, fundi mwenzangu," alimwambia. "Tutaanza kwingine."

"Nikienda na wewe nitafurahi," alijibu. "Ndiyo maana siendi."

Akamsaidia kufunga sanduku la vifaa, wakashikana mikono kama fundi na mteja, kisha akaondoka kwa miguu kwenda nyumbani kwa kaka yake.