Kishikwambi cha Lusajo Kinakula Nini?

Sogeeni, wanangu, sogeeni karibu. Aliyekalia mguu wa mwenzake auachie. Haya, naanza.

Huko Rungwe, kwenye vilima vya migomba na chai, kuna nyumba yenye mlango wa bluu. Kila jioni ukungu hushuka hapo taratibu, taratibu, mpaka migomba yote inapotea.

Katika nyumba hiyo alikaa Sekela. Alikuwa na miaka sita, na meno mawili ya mbele hakuwa nayo. Alikaa na Mama, na Bibi, na mdogo wake, Lusajo.

Lusajo alikuwa na miaka minne. Alijua kucheka. Alijua kukimbiza kuku. Alisikia kila kitu, hata panya akipita darini.

Ila maneno hayakumtoka. Akifungua mdomo, ilitoka sauti moja tu.

"Eee."

Kila jioni Bibi alirudi kutoka shambani, na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Sekela alimkimbilia mlangoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba."

Kisha Bibi alimpapasa Lusajo kichwani, akaingia ndani. Na hapo hapo, kila siku, Lusajo alianza kulia.

"Eee. Eee. Eee."

Mama alimletea maziwa. Lusajo akayasukuma. Bibi alimletea ndizi ya kuchoma. Lusajo akaitupa chini, na kuku akashukuru.

Sekela alimletea blanketi lake mwenyewe, lile laini. Lusajo akalia zaidi.

"Lusajo, Lusajo, unataka nini?
Niambie mimi, nikuletee."

Lakini angesemaje, maskini? Alilia mpaka usingizi ukamchukua, na machozi bado yako mashavuni.

Sekela aliyafuta kwa ncha ya kanga ya Mama. Roho ilimuuma sana. Alitaka kitu kimoja tu: kujua mdogo wake analilia nini.

Basi, Ijumaa moja, Mama akasema, "Kesho Mwalimu Tumpe anakuja." Huyo ni mwalimu wa Lusajo kule chekechea. "Atamletea Lusajo kishikwambi. Kitamsaidia kusema."

"Kishikwambi ni nini, Mama?"

Mama akafungua mdomo amjibu. Tssss! Maziwa yakafurika jikoni. Mama akakimbia, na jibu likakimbia naye.

Sekela akaenda kwa Bibi. "Bibi, kishikwambi ni nini?"

Bibi hakufikiri hata kidogo. "Si kile cha kushikia chungu cha moto? Kishika-chungu, kishika-wambi, ni yale yale. Siku hizi kila kitu wanakibadilisha jina."

Sekela akatulia. Cha kushikia chungu? Kitamsaidiaje Lusajo kusema? Hapana. Bibi hajui.

Akafikiri peke yake, kidole kwenye pengo la meno. Kishikwambi. Kinashika wambi. Na wambi ni nini? Labda ni wadudu wadogo, wale wanaoruka kwenye taa.

Kinashika wadudu. Tena kinasema. Kumbe ni mnyama! Mnyama mdogo anayejua kuongea, na kasuku ni binamu yake.

Msimcheke. Hata ninyi kuna maneno mnayoyajua nusu.

Sekela akajilaza kando ya Lusajo. Mvua ikaanza juu ya bati. Ta, ta, ta. Ta, ta, ta. Akanong'ona:

"Kishikwambi, kishikwambi, unakula nini?
Kishikwambi, kishikwambi, unalala wapi?"

Macho yakawa mazito. Bati likasema ta, ta, ta. Na kishikwambi kikaja ndotoni.

Kilikuja kutoka kwenye ukungu, kwa miguu midogo. Tipu, tipu, tipu. Kilikuwa na masikio marefu na tumbo la mviringo. Kilipita chini ya migomba bila kudondosha hata tone moja la maji.

Kikamshika Sekela mkono. Wakapaa wote wawili, juu ya chai, juu ya bati, mpaka ukungu ukawa chini yao, mweupe, unaenda polepole.

"Wewe kishikwambi," akasema Sekela, "mdogo wangu analilia nini?"

Kishikwambi kikasogeza mdomo sikioni kwake. Kikavuta pumzi. Kikaanza, "Lusajo anataka..."

Kokoriko! Jogoo wa jirani. Sekela akafumbua macho. Alimkasirikia jogoo yule mpaka uji ukapoa.

Baada ya uji, akatafuta boksi la sabuni. Akatandika majani makavu. Akaweka kipande cha ndizi na kifuniko chenye maji.

Lusajo akaja kuangalia. Akavua soksi yake moja, akailaza ndani ya boksi, akaipapasa.

"Asante, Lusajo," akasema Sekela. "Kitalala vizuri. Kitaamka, kitatuambia."

Wakakaa kizingitini, wanasubiri. Ukungu ukapanda. Jua likachungulia, likabadili mawazo, likarudi.

"Kishikwambi, kishikwambi, unakula nini?
Kishikwambi, kishikwambi, unalala wapi?"

Mchana, geti likalia. Kriii. Akaingia Mwalimu Tumpe, koti la mvua limelowa, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Sekela. Hujambo, Lusajo?"

Lusajo akaangalia vidole vyake vya miguu.

Sekela aliukodolea macho mkoba. Ulikuwa kimya. "Mwalimu, kishikwambi kimo humo?"

"Kimo."

"Kimelala?"

"Ndiyo, kimelala," akasema Mwalimu. "Nimekizima nisije nikakichosha njiani."

"Kinakula nini?"

Mwalimu akatabasamu. "Kinakula umeme tu. Ile sola yenu itakitosha."

Sekela akashangaa. Mnyama anayekula umeme? Kumbe ndiyo maana vishikwambi havionekani ovyo.

Mwalimu akafungua mkoba. Akatoa kitambaa. Akakikunjua.

Ndani yake kulikuwa na kitu bapa, cheusi, kama kioo kisichoonyesha mtu. Hakikuwa na masikio. Hakikuwa na tumbo. Hata mkia hakikuwa nao.

Midomo ya Sekela ikaanza kutetemeka. "Mbona hakina miguu?"

Ndipo Mwalimu alipoliona boksi, na majani, na ndizi, na soksi. Akataka kucheka. Kisha akauona uso wa Sekela, akaona si wakati wake. Akachuchumaa.

"Sekela, hiki ni chombo. Si mnyama. Wengine husomea vitabu humu. Daktari huangalia picha za wagonjwa wake humu. Mkulima huangalia kama mvua itanyesha."

"Na Lusajo?"

"Kwa Lusajo, hiki ni mdomo."

Akagusa pembeni. Nuru ikafunguka. Zikatokea picha ndogo ndogo, zimejipanga: kikombe, kitanda, kuku, mvua, mtoto anayecheka.

"Lusajo atagusa picha, nayo picha itasema," akaeleza Mwalimu. "Ila sauti bado hazimo. Sitaki aseme kwa sauti ya mtu mzima. Nataka sauti ya mtoto. Utamkopesha mdogo wako sauti yako?"

Aibu ikamtoka Sekela. "Nitamkopesha."

Basi wakaanza. Mwalimu anaonyesha picha, Sekela anasema neno.

"Maji. Maziwa. Ndizi. Nataka. Sitaki. Choo. Naumwa tumbo. Kuku. Mvua."

Picha zilikuwa nyingi, mama yangu. Nyingine hata hakuziangalia vizuri, alisema tu alichoambiwa na Mwalimu. Mpaka zinakwisha, sauti ilikuwa imekauka, na Mama akamletea chai.

Mwalimu akaaga, akaenda zake. Lusajo akakiweka kishikwambi mapajani. Akakigusa kwa kidole kimoja.

"Maji," kikasema, kwa sauti ya Sekela.

Mama akaleta maji. Lusajo akanywa. Akagusa tena. "Maji." Mama akaleta tena. Akagusa tena. "Maji."

Kikombe cha tano Mama akaketi chini, anacheka. "Mwanangu, utapasuka."

Lusajo naye akacheka. Alifurahi vile kitu kinavyokuja ukikiita.

Lakini Sekela hakucheka sana. Alitazama nje. Ukungu ulikuwa unashuka, na jioni ilikuwa inakaribia. Na jioni ndiyo ile ya kulia.

Aliogopa. Je, kama hata kishikwambi hakijui? Basi ni nani mwingine atakayejua?

Migomba ikapotea, mmoja mmoja. Kwenye ukungu zikasikika ndala. Chapa, chapa, chapa. Bibi huyo, na mzigo wake kichwani.

"Shikamoo, Bibi," akasema Sekela.

"Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba."

Bibi akampapasa Lusajo kichwani, akapita. Akaugeukia ukuta, akainama kutua mzigo.

Lusajo akafungua mdomo. "Eee." Machozi yakaja juu.

Sekela akapiga magoti haraka, akamsogezea kishikwambi.

"Lusajo, Lusajo, unataka nini?
Niambie mimi, nikuletee."

Akamwonyesha picha ya maziwa. Lusajo akausukuma mkono wake, akagusa picha nyingine.

"Sitaki," kikasema kishikwambi.

Akamwonyesha ndizi. "Sitaki." Akamwonyesha kitanda. "Sitaki."

Sekela akauondoa mkono wake. Akamwacha.

Kidole kidogo cha Lusajo kikatembea peke yake juu ya picha, polepole. Kikapita kikombe. Kikapita kuku. Kikapita mvua. Kikafika chini kabisa, kwenye picha ya mtoto aliyesimama mbele ya bibi mwenye mtandio.

Kikasimama hapo. Kikagusa.

"Shikamoo."

Bibi alikuwa bado ameugeukia ukuta, anafungua kamba ya mzigo. "Marahaba, Sekela," akasema. "Lakini si umeniamkia sasa hivi, mama? Unaniamkia mara mbili kwani nimezeeka mara mbili?"

"Siyo mimi, Bibi," akasema Sekela.

"Sauti yako naijua."

"Sauti ni yangu," akasema Sekela. "Anayekuamkia ni Lusajo."

Kamba ikamponyoka Bibi mkononi. Akageuka. Lusajo alikuwa amesimama mbele yake, kishikwambi kifuani, anamtazama Bibi usoni.

Akagusa tena.

"Shikamoo."

Bibi akapiga magoti, na magoti yale huwa hayataki kukunjika. Akaushika uso wa Lusajo kwa mikono miwili, yenye harufu ya majani.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba, Lusajo wangu."

Na Lusajo hakulia. Alicheka mpaka meno yote yakaonekana, na yeye anayo yote.

Aliyelia ni Bibi. "Kumbe alikuwa anataka marahaba yake," akasema. "Siku zote hizi mimi namletea ndizi."

Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi. Alikuja akawakumbatia wote, mwiko na uji wake, na Sekela akapakwa uji shingoni. Hakujali. Alikuwa na furaha sana.

Jioni ile Bibi aliitikia sana. Akinywa chai, "Shikamoo," "Marahaba." Akimenya viazi, "Shikamoo," "Marahaba." Sauti ikamkauka, lakini hakukataa hata moja.

Mama naye akaamkiwa. Ng'ombe akaamkiwa dirishani. Ng'ombe hakuitikia, kwa hiyo Sekela akaitikia kwa niaba yake.

Mvua ikaanza juu ya bati. Ta, ta, ta. Ta, ta, ta. Mama akawafunika watoto blanketi moja, lile laini, akapunguza taa.

Nyumba ikatulia. Nje kulikuwa na ukungu tu, mweupe, umeizunguka nyumba pande zote. Macho ya Sekela yakaanza kujifumba.

Pembeni yake kidole kidogo kikagusa kioo.

"Shikamoo."

Sekela akafumbua jicho moja. Akaangalia huku, hakuna Bibi. Akaangalia huku, hakuna Mama. Lusajo alikuwa anamtazama yeye, anasubiri.

Hakuna mtu aliyewahi kumwamkia Sekela. Ana miaka sita tu, na pengo.

Akavuta blanketi mpaka kidevuni. Akakohoa kidogo, kama wakubwa.

"Marahaba, mdogo wangu," akasema.

Lusajo akafumba macho, akalala.