Pipa la Mwisho Kushoto

Nyie, hili si la kusikia barabarani. Kanisimulia shoga yangu mwenyewe, yule fundi cherehani. Tangu amzike mumewe hajatoa hata chozi, yupo yupo tu kama gogo. Wifi yake akachoka: "Twende kwenye mashamba ya zabibu tukaonje mvinyo. Ulie au ucheke, nitashukuru." Nusu saa tu kutoka mjini.

Wakaonja kwa watengeneza mvinyo wawili, shoga hasikii tamu wala chungu. Kwa wa tatu wakateremshwa ghala la chini, giza totoro, mapipa yamejipanga. Mwenye ghala akawafundisha: "Gongeni. Lililojaa linaguna, tupu linalia."

Wifi akagonga. "Hili limeshiba kama mimi!" Hahaa, mjinga yule!

Shoga akagonga la mwisho kushoto. Likalia, tupu. Halafu likagongwa kutoka ndani: mara mbili, kimya, mara moja. Marehemu alibisha hodi hivyo kila jioni akitoka kazini.

Wifi kicheko kikamkauka. Shoga wala hakushtuka. Akajibu kwa mazoea, "Si una ufunguo, baba watoto?"

Ndani ya pipa, ufunguo ukazunguka kwenye kitasa.