Feni ya Mtoto na Pikipiki ya Maziwa

Kila mchana umeme ulipokatika kijijini kwao, nje ya mji wa Larkana, Pakistan, Bachal alifunga waya za feni kwenye betri ya pikipiki yake. Mkewe, Sabhagi, alimlaza mtoto mlangoni mbele ya feni. Betri isije ikaisha, Bachal aliacha injini ikinguruma polepole uani. Alijiona ana akili kuliko kijiji kizima.

Alasiri ilikuwa zamu ya maziwa kwenda mjini. Pikipiki haikuwa na kiki ya kuwashia kwa mguu, swichi tu. Alizima injini ili apakie maziwa, kisha akabonyeza, kimya. Majirani walisukuma mpaka wakamchoka. Maziwa yakachacha, na mwenye hoteli ya chai akasema yakichelewa tena atatafuta muuzaji mwingine. Bachal alimtukana muuza betri, akanunua nyingine kwingine. Nayo ikaisha vilevile.

Sabhagi ndiye aliyemwita Allahdino, jirani yao anayesuka koili za feni. Allahdino alikuja na kipimo cha umeme, akakigusisha kwenye betri huku feni ikizunguka na injini ikinguruma.

"Soma mwenyewe," alisema.

"Volti kumi na mbili."

"Haya, vuta resi kidogo."

Namba ikapanda hadi kumi na nne.

"Umeona, kaka? Injini ikienda polepole inatoa umeme kidogo. Feni inaumaliza wote, halafu inakula akiba ya betri. Betri inajaa vizuri injini ikienda kasi, kama ukiwa barabarani."

Bachal aliuliza kama mtambo wa kuchaji umeharibika. Allahdino akasema ni mzima. Ungekuwa hauchaji, namba isingefika hata kumi na tatu na nusu kwenye resi. Na kama ingepita kumi na tano, mtambo ungekuwa unaichemsha betri.

"Basi nitavuta resi mchana kutwa," alisema Bachal.

"Na moshi atauvuta nani?" aliuliza Sabhagi. "Mwanao anakohoa tangu joto lianze. Wewe unasema vumbi."

Bachal alimtazama mtoto. Aliogopa, akazima injini.

Allahdino aliichaji ile betri ya kwanza, akaipima, akaiona bado inafaa. Wakaiunga na paneli ndogo ya jua waliyoinunua na kuiweka juu ya paa, ikawa ya feni. Betri ya pikipiki haiguswi tena. Alasiri Bachal hubonyeza mara moja na kuondoka, na maziwa hufika hotelini yakiwa mazuri.

Kikohozi cha mtoto kiliisha. Vumbi lipo palepale, na Bachal halitaji tena.