Zamu ya Sadoki

"Duka la Mama Anande, kule mlimani, juu ya Poli," alisema Bwana Sylvanus bila kuinua macho kwenye kikombe chake cha chai. "Kapange sabuni. Nenda sasa hivi."

"Jua limeshaanza kushuka, bosi," alisema Ndeshi.

"Ndiyo. Jioni ndiyo nzuri."

Ndeshi alimtazama kama mtu anavyomtazama mende aliyemkuta kwenye sukari. Zamani angebisha. Siku hizi hakuwa na nguvu hata ya kuguna. Alichukua katoni yake, akamfuata Bariki, dereva, kwenye pikapu.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoanza kupamba moto. Maduka ya Arusha, ambayo jana tu yalikuwa na chumvi, viberiti na vumbi, yalijaa ghafla biskuti za makopo, mafuta ya nywele na sabuni za kila rangi. Kampuni ya Bwana Sylvanus iliingiza sabuni ya kuogea yenye harufu ya waridi. Kazi ya Ndeshi ilikuwa kuzunguka madukani akiipanga kwenye shelfu. Nembo mbele, kona kwa kona, usawa wa macho ya mteja. Basi, hiyo tu. Na kwa ajili ya vipande hivyo vya sabuni, watu wazima wenye akili zao walikuwa wakifokewa kama mbwa waliodokoa nyama. Kila asubuhi Bwana Sylvanus aliwasimamisha mstari na mashati yao ya njano ya kampuni, akawaongoza katika sala ndefu, akamaliza kusali akaanza kutukana. "Sisi ni familia," alikuwa akimalizia. Familia! Familia ambayo baba anakula peke yake na watoto wanapanga sahani.

Ndeshi alikuwa amechoka uchovu ambao usingizi hauutoi. Nywele zilimkatika. Chakula chote kilinuka waridi. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye mtaa wa Levolosi, alimwambia mikono yake haitulii akilala. Inapapasa blanketi, inanyoosha, inapanga.

Njia ya maduka ya mlimani haikuwa yake. Ilikuwa ya Sadoki, mtu aliyemfundisha kazi. Sadoki alikuwa mtu wa "ndiyo, bosi", asiyejua likizo ni kitu gani, na Ndeshi alikuwa akimpenda na kumdharau kwa wakati mmoja. Sadoki alianguka mbele ya rundo la katoni katika duka moja la Sombetini, akakata roho kabla hawajapata gari. Siku ya mazishi, kule Moshono, Bwana Sylvanus aliwaomba ndugu wamzike na shati lake la njano. "Heshima ya kampuni," alisema. Kisha akainama jenezani, akamnong'oneza marehemu kwa muda mrefu.

Waombolezaji walidhani anaomba. Ndeshi hakudhani hivyo. Bwana Sylvanus akiomba hunguruma, ili asikike hadi barabarani.

Tangu siku ile hakuna aliyetumwa tena mlimani.

Pikapu ilikwama kwenye tope. Bariki akabaki anatafuta mawe ya kuweka chini ya tairi, na Ndeshi akapanda peke yake kwa miguu kati ya migomba na mibuni. Ukungu ulikuwa unashuka. Mahali fulani ng'ombe alilia, akanyamaza ghafla.

Kabla hajaliona duka, alisikia harufu.

Waridi.

Mama Anande, mwanamke wa makamo aliyejitanda shuka nzito, alikuwa ameketi nje kwenye kigoda. Mlango wa duka lake ulikuwa wazi nyuma yake, na taa ya chemli ikiwaka ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akalitazama shati la njano, akahema. "Haya, ingia. Mwenzako ameshafika."

"Mwenzangu nani?"

"Huyu wa kila jioni." Sauti yake ilishuka. "Mimi akifika natoka nje. Si mkorofi. Ila baridi yake… siiwezi."

Ndeshi alitaka kugeuka. Lakini miguu iliyozoea kuingia madukani haikumwuliza. Ikaingia.

Tak.

Kimya.

Tak…

Mtu alikuwa amesimama mbele ya shelfu, amempa mgongo. Alikuwa akitoa kipande cha sabuni, anakiweka ubaoni, anakisogeza kidogo kwa kidole gumba. Shati la njano lilikuwa limelowa mgongoni, limeganda udongo mwekundu. Chini ya ile harufu ya waridi kulikuwa na nyingine. Nzito. Harufu ya shimo lililochimbwa asubuhi.

Ndeshi aliijua shingo ile.

"Sadoki?"

"Nembo mbele," mtu yule alinong'ona. "Kona kwa kona."

"Sadoki… wewe ulikufa."

"Najua."

Tak.

Nywele za shingoni zilimsimama. Lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine kinapanda, kichungu, cha moto, na Ndeshi alishangaa kukitambua. Ilikuwa dharau.

"Sasa unafanya nini hapa?"

"Bosi hajaniruhusu."

"Hajakuruhusu nini? Kufa?"

Sadoki aligeuka polepole. Ndeshi alijiandaa kuona uso wa kutisha, meno, funza, sijui nini. Haukuwa hivyo. Ulikuwa uso uliochoka tu. Macho makavu, mashavu yaliyobonyea, midomo imefungwa kama ya mtu anayesubiri kufokewa. Ndeshi alikuwa akiuona uso huohuo kila asubuhi kwenye kioo chake.

"Umekuja kunipokea?" aliuliza Sadoki.

"Nini?"

"Zamu. Sema tu umenipokea." Akamnyooshea kipande cha sabuni kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka. "Sema, dada. Nikalale."

Huruma ilimbana Ndeshi. Neno moja tu. Neno dogo, na mtu huyu apumzike. Kinywa chake kikafunguka…

Tak.

Akatazama mikono ya Sadoki. Ilikuwa imetulia, imeshika kile kipande.

Tak. Tak.

Basi ni nani aliyekuwa anapanga?

Ndeshi aliinamisha kichwa.

Ilikuwa mikono yake mwenyewe.

Katoni aliyokuja nayo ilikuwa wazi miguuni pake, tupu kabisa. Shelfu nzima ya chini ilikuwa imejaa, nembo mbele, kona kwa kona. Alipotazama mlangoni, ule mwanga wa jioni aliouacha nje haukuwepo. Kulikuwa na giza tupu. Alikuwa amefanya kazi ubavuni kwa maiti, bega kwa bega, na hakujua.

Aliichomeka mikono kwapani, akaibana kwa nguvu. Vidole vilikuwa bado vinacheza.

"Sikupokei," alisema. "Umenisikia? Sikupokei! Na wewe usingoje ruhusa ya yule mtu. Ondoka tu!"

"Siwezi." Sadoki aliigeukia shelfu yake. "Sijawahi."

Ndeshi alirudi kinyumenyume hadi alipohisi ukungu shingoni. Mama Anande alikuwa amesimama, ameshika shuka yake kifuani.

"Umemwitikia?" alinong'ona.

"Sijamwitikia."

"Afadhali, mwanangu. Shuka haraka."

Asubuhi yake Ndeshi hakusimama kwenye mstari. Aliipita sala katikati, akaingia ofisini, akakaa kwenye kiti cha wageni. Sala ilipoisha Bwana Sylvanus akaja, akamkuta. Ndeshi akalitupa shati la njano juu ya meza.

"Naacha kazi."

Bwana Sylvanus alilitazama shati. Hakushangaa. "Ulifika?"

"Nilifika."

"Na hukumpokea," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa chai ya baridi.

Kwa hiyo alijua. Alikuwa amemtuma akijua.

"Ulimnong'oneza nini jenezani?"

"Nilimkumbusha kuwa kazi haijaisha." Akachovya biskuti kwenye chai. "Aliyekubali ni yeye. Watu kama Sadoki hawalazimishwi."

"Mruhusu aende."

"Kwani amelalamika?"

Usiku kucha Ndeshi alikuwa ameogopa mkutano huu. Alijua anakwenda kukabili mchawi, na watu wa mlimani hawafanyi mzaha na mchawi. Sasa alimwona. Kitambi. Tai yenye makombo. Chai kwenye masharubu. Kicheko kikamtoka bila kukiita, kikamtikisa mabega.

"Unacheka nini?"

"Nakucheka wewe, Sylvanus." Lile neno "Bwana" alikuwa ameshaliacha. "Mtu anayeweza kuamsha wafu! Dunia nzima iko mbele yako, na wewe unawapeleka Poli kupanga sabuni. Hata uchawi umekuona mdogo."

Hapo ndipo uso wa mtu yule ulipobadilika. Laana angeivumilia, polisi angewahonga, lakini hilo lilimchoma. Ndeshi akatoka.

Mama yake alikuwa na cherehani kuukuu. Ndeshi akaanza kushona barazani, sare za shule na mashuka. Alilala. Nywele zikaanza kuota. Mikono ikatulia, isipokuwa jioni moja moja, jua likizama, alipolazimika kuikalia.

Masika yalipoisha, Mama Anande alishuka mjini na ndizi zake, akaulizia hadi akampata.

"Yule kijana wenu amepumzika," alisema. "Haji tena."

Ndeshi alishusha pumzi. "Mungu amlaze."

"Amina. Siku hizi jua likizama anakuja msichana. Mwembamba, ana mwanya. Anapanga haraka kuliko yule."

Ndeshi alimjua. Fransiska, aliyeajiriwa mwisho kabla Ndeshi hajaacha kazi. Hakumalizia kitambaa kilichokuwa kwenye cherehani. Alitoka mbio kwenda kuuliza msiba uko wapi.

Hapakuwa na msiba. Alimkuta Fransiska nje ya duka moja karibu na soko, na shati lake la njano, anakula sambusa na kucheka na wenzake. Hai. Jasho linamtoka.

"Dada Ndeshi! Shikamoo!"

"Fransiska, uliwahi kutumwa mlimani?"

"Mara moja tu. Kuna kaka mmoja mpole alinikabidhi njia yake, akanishukuru karibu alie." Akacheka. "Sijarudi tena huko. Ila siku hizi nachoka, dada! Sijui ni malaria. Jua likizama tu, sijiwezi. Na nikiamka nimechoka kuliko nilivyolala."

"Acha kazi hiyo. Leo. Nakuomba."

"Nitaacha. Acha kwanza mwezi uishe."

Mwanga wa mwisho ulikuwa unatoka kwenye mabati ya soko. Fransiska alipiga mwayo.

"Samahani, dada… ona sasa…"

Akaegemea ukuta. Macho yakajifumba. Ndeshi alimshika mabega akamtikisa, akamwita jina, akamwita tena kwa sauti hadi wapita njia wakageuka. Mwili ulikuwa wa moto. Pumzi zilikuwa zinaingia na kutoka vizuri kabisa.

Lakini ndani hakukuwa na mtu.