Breki Zilizokosa Kazi

Kwa miaka thelathini nilimpikia mume wangu kwa kusikiliza.

Kila Jumamosi Arnfinn alikwenda dukani, upande wa pili wa kanisa. Mimi nilibaki jikoni, uji wa vafla ukiwa tayari kwenye bakuli. Vafla ni keki nyembamba tunazozichoma katikati ya vyuma viwili vya moto, na lazima ziliwe papo hapo. Zikipoa huwa kama soli ya kiatu. Kwa hiyo nilitega sikio. Gari letu la dizeli lilipofika kwenye kona ya kanisa, lilinguruma. Lilipofika kwenye jukwaa la zamani la maziwa, ambapo wakulima walikuwa wakiweka makopo yao yachukuliwe, pale juu ya nyumba yetu, lilikohoa mara mbili. Kikohozi cha kwanza, namimina uji. Cha pili, napanga sahani. Arnfinn akimaliza kuvua viatu mlangoni, vafla ya kwanza iko mezani, na jibini ya kahawia juu yake.

Gari lile lilikuwa na kelele, lilinuka, na lilivuja oili. Nalikumbuka kama mtu.

Mara mbili kwa mwaka Arnfinn alilala chini yake uani akabadilisha oili. Aliingia ndani na mikono myeusi.

"Usiguse mlango!" nilipiga kelele.

"Sijagusa, mama."

"Na hii alama ni ya nani? Ya paka?"

Alicheka. Nilifuta mlango huku nikinung'unika, na kwa kweli nilikuwa mtu mwenye furaha.

Kisha dizeli ikafa kabisa. Binti yetu Marit, anayekaa mjini, alitutafutia gari la umeme. Lilikuwa limeshatumika miaka minne, lakini lilikuwa zuri na safi. Jumamosi ya kwanza Arnfinn alinikuta nimesimama jikoni, bakuli mkononi.

"Mbona unaingia kama mwizi?" nikamuuliza.

"Ndiyo magari ya siku hizi. Hayapigi kelele."

"Na vafla zangu je?"

"Tusubiri tu."

Tukasubiri. Watu wazima wawili wanakitazama chuma kipate moto. Sikupenda hata kidogo.

Arnfinn naye hakupenda, ila hakusema. Alifungua boneti akaona kifuniko cha plastiki tu. Aliifunga. Kesho yake akaifungua tena, labda kitu kimeota usiku. Hakikuota kitu. Spana zake zilining'inia ukutani, na yeye akaanza kulala mchana.

"Mzoea punda hapandi farasi," nilimtania.

"Farasi nimempanda," alijibu. "Tatizo hana mahali pa kusugua."

Baadaye akapata jambo la kujivunia. Gari hili, ukiinua mguu kwenye pedali ya mwendo, linapunguza kasi lenyewe. Arnfinn akajifunza kuinua mguu mapema, polepole, mpaka gari lisimame bila kugusa breki. Katika meza ya kahawa pale dukani akawa anatamba.

"Tangu Oktoba sijagusa breki!"

Wenzake walitikisa vichwa kwa heshima. Sisi watu wa huku kwenye fiodi, huu mkono wa bahari katikati ya milima, tunapenda mtu anayetunza kitu chake. Mimi pia nilimsifu. Majira yote ya baridi barabara zilimwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na mume wangu alipita juu yake taratibu, breki zake hazijaguswa.

Mwezi wa Aprili gari lilikwenda kwenye ukaguzi wa lazima. Arnfinn alirudi na karatasi. Hakuvua viatu. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni.

"Limekataliwa," alisema.

"Kwa nini?"

"Breki za nyuma. Zimeliwa na kutu. Mkaguzi kaniuliza kama gari hili lilikuwa limetupwa shambani."

Uso wake ulikuwa mwekundu. Miaka arobaini na mitano ya kuendesha, na hajawahi kukataliwa hata alipokuwa na lile dizeli linalovuja.

"Tumepewa miezi miwili tu," aliendelea. "Tusipolitengeneza, litazuiwa barabarani." Kisha akasema neno nililoliogopa. "Mpigie Marit. Mwambie tunaichukua ile nyumba ya ghorofani."

Marit alikuwa akitubembeleza kwa mwaka mzima tuhamie mjini. Hapa kwetu hakuna basi. Daktari yuko mbali, na duka halifikiki kwa miguu barafu ikianza. Bila gari hapaishiki. Arnfinn alizaliwa katika nyumba hii. Mimi niliingia hapa bibi harusi, na wazazi wangu wamezikwa pale kwenye kona ya kanisa.

"Gari linatengenezwa," nilisema.

"Gari ndiyo. Mimi je? Gari nililolitunza vizuri kuliko yote ndilo nililoliharibu, na sijui nimefanya nini. Mtu asiyejua kosa lake atalirudia. Nimezeeka, Gunvor."

Sikumpigia Marit. Nilimpigia Jorunn, fundi mwenye gereji karibu na gati la kivuko. Baba yake na Arnfinn walikuwa wakigombana juu ya dizeli tangu ujana wao.

"Mlete," alisema Jorunn.

"Gari?"

"Gari, na huyo mzee pia. Asinitumie gari peke yake."

Siku iliyofuata Jorunn alilipandisha gari juu, akafungua gurudumu la nyuma. Diski ya breki, ambayo inatakiwa kung'aa kama kisu, ilikuwa ya kahawia na mashimomashimo. Pini ambazo pedi, vile vibao vinavyobana diski, hutelezea zilikuwa zimeganda.

"Unaendeshaje?" Jorunn akauliza.

"Kwa uangalifu," alijibu Arnfinn. "Sigusi breki."

Jorunn akaangua kicheko. "Ndiyo hiyo! Umezitunza mpaka zimekufa!"

"Usinicheke, binti. Nieleze."

Jorunn akaacha kucheka. Akavuta kigoda akakaa mbele yake.

"Sikiliza. Chini ya sakafu kuna betri kubwa. Umeme wake unapita kwenye kile kisanduku cha mbele, kinaugeuza uwe umeme unaofaa mota. Mota inazungusha gia moja tu, gia inazungusha magurudumu. Basi. Hakuna moshi, hakuna plagi, hakuna mkanda wa injini. Vitu vinavyozunguka ni vichache sana kuliko kwenye dizeli yako."

"Hayo Marit ameniambia."

"Je, amekuambia mota inafanya kazi pande mbili? Ukikanyaga, inakula umeme. Ukiinua mguu, magurudumu ndiyo yanaizungusha yenyewe. Hapo inatengeneza umeme na kuurudisha kwenye betri. Kazi hiyo ni nzito, ndiyo maana gari linapunguza mwendo."

"Kwa hiyo mota ndiyo inayonisimamisha."

"Mota. Breki zako zinakaa bure. Kwenye dizeli ulikanyaga breki kila kona, na kila mara pedi zilisugua kutu ikaondoka. Sasa zinalowa maji ya chumvi na hazisuguliwi. Kinachokaa bure kinashika kutu."

"Hata watu," nikasema mimi. Arnfinn alinitupia jicho.

"Basi nikanyage breki?" aliuliza.

"Ukikanyaga polepole haitoshi. Gari nyingi, ukikanyaga kidogo, bado mota ndiyo inayosimamisha. Fanya hivi, mara moja kwa wiki. Tafuta barabara iliyonyooka na tupu. Tazama kioo, usiwe na mtu nyuma. Weka gia huru, ile N. Mota inaachia. Sasa kanyaga breki kwa nguvu, mara tatu nne, mpaka usikie zinasugua. Kitabu cha gari lako kinaruhusu, nimekiangalia. Mwenye gari lingine asome kwanza chake."

Arnfinn aliitikia kwa kichwa polepole. Niliona macho yake yameanza kutembea juu ya lile gurudumu.

"Na oili?" aliuliza, kama mtu anayemwulizia rafiki wa zamani.

"Ya injini hakuna. Kwenye gia ipo kidogo, ya kwako ni kuangalia kama inavuja chini. Kuibadilisha ni kazi yangu, kitabu kinaposema. Maji ya kupozea betri na mota, tazama kimo chake kwenye chupa. Yakipungua niite, usiongeze maji ya bomba." Akamtazama. "Unachaji mpaka ngapi?"

"Mia kwa mia. Kila siku. Baba alinifundisha nisilale na tangi nusu."

"Baba yako alikuwa na dizeli! Betri haipendi kukaa imejaa siku nzima, wala kukaa tupu. Inachoka mapema. Kila siku ishia themanini. Jaza mia asubuhi ya safari ndefu tu. Na wakati wa baridi kali, pasha gari moto likiwa bado kwenye waya wa chaji. Ukifanya hivyo, joto linatoka kwenye umeme wa nyumbani na betri inaondoka vuguvugu."

"Kumbe hata kulishibisha ni kosa," alisema Arnfinn. Alisimama akasogea chini ya gari. Akanyoosha kidole kwenye waya mnene wa rangi ya machungwa. "Na huu?"

Jorunn alimdaka mkono.

"Huo hapana! Waya wowote wa rangi hii, usiguse, usifungue, usikate. Umeme wake unaua. Hata mimi nauzima kwanza kwa utaratibu wake, na nimesomea."

Arnfinn aliutazama mkono wake.

"Basi hakuna cha kwangu hapa," alisema taratibu. Moyo uliniuma.

Jorunn alikwenda kwenye kabati, akarudi na brashi ya waya na kopo la grisi maalumu ya breki. Akaviweka mikononi mwake.

"Diski na pedi nitaweka mpya. Hizi pini zisafishwe na kupakwa grisi kila mwaka chumvi ikiisha, la sivyo diski mpya nazo zitakufa. Upande wa kushoto nitafanya mimi, wewe utazame. Upande wa kulia utafanya wewe, mimi nitazame."

"Unaniamini?"

"Baba alisema wewe ni mbishi, lakini mkono wako ni safi."

"Alisema hivyo? Kwangu hakuwahi!"

Nilikaa kwenye kigoda kwa saa mbili nikimtazama mume wangu akisugua. Alitoa ulimi pembeni ya mdomo, kama alivyokuwa akifanya uani miaka ile. Jorunn alimrudisha mara moja. "Umepaka nyingi. Pini tu, isifike kwenye diski." Akafuta, akarudia, akafaulu. Nilitamani saa zile mbili zisiishe.

Mwezi wa Mei gari lilirudi kwenye ukaguzi, likapita. Marit alipiga simu kuuliza kuhusu nyumba ya ghorofani.

"Mpe mwingine," Arnfinn alimwambia. "Mimi nina kazi huku."

Na kweli anayo. Kwenye mlango wa banda amebandika karatasi. Kuosha chumvi chini ya gari. Kutazama maji ya kupozea. Kupima upepo wa magurudumu. Chaji, themanini. Pini, kila mwezi wa Mei. Wenzake wa meza ya kahawa wameanza kumletea magari yao ya umeme, naye anawauliza kwa sauti ya Jorunn, "Unaendeshaje?" Wakijibu kwamba hawagusi breki, anacheka mpaka anakohoa.

Jumamosi ya kwanza baada ya ukaguzi nilikuwa jikoni. Uji ulikuwa tayari na chuma kilikuwa na moto, maana siku hizi nakiwasha kwa kubahatisha. Dirisha lilikuwa wazi. Sikutega sikio, niliacha zamani.

Kisha nikasikia kule juu, kwenye jukwaa la maziwa, mahali barabara inaponyooka na hapapiti mtu.

*Khrrr.*

Breki zinasugua diski. Kimya kidogo. Tena, *khrrr*.

Nilisimama na upawa mkononi kama mjinga. Machozi yalinitoka, nikayafuta kwa kiwiko. Kisha nikakumbuka kazi yangu, nikamimina uji.

Arnfinn alipofungua mlango, vafla ilikuwa inafuka sahanini. Aliitazama, akanitazama.

"Umejuaje kuwa nafika?"

"Vua viatu," nilimwambia. "Inapoa."