Kongwe Huzima Kilimani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Elisifa alifagia uwanja, akawapa ng'ombe majani, kisha akaifuta Kongwe vumbi. Kongwe ilikuwa pikipiki nyekundu aliyoiacha marehemu babu yake, Eliufoo, aliyekuwa bwana shamba huku Old Moshi. Ilimzidi umri hata baba yake Elisifa, na ilidekezwa kama mtoto wa mwisho. Vijana wenye pikipiki mpya waliicheka, lakini baba, Mzee Sifael, hakuwajali. Kila Jumamosi aliifungua uwanjani juu ya gunia, akaisugua plagi kwa msasa, akakaza mnyororo na kuangalia oili. Elisifa, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye aliyempa spana, na zote alizijua kwa namba.

Kazi ya Kongwe ilikuwa kupeleka maziwa. Vedastus, aliyewakamua ng'ombe wao wawili, alifunga makopo pembeni mwa kiti, akampakia Elisifa nyuma na kumshusha shuleni, kisha akaendelea kupanda hadi kituo cha maziwa. Vedastus hakuwa mtu wa mlimani. Alitoka kwenye mashamba ya miwa kule chini, na kwao hasa ni mbali zaidi. Alikuwa na mwaka mmoja tu hapo nyumbani, mtu wa maneno machache. Mwishoni mwa Aprili kulikuwa na shida ya maziwa kunuka petroli. Shida ile ikaisha yenyewe, na hakuna aliyeuliza iliishaje.

Basi ulipoingia Mei, Kongwe ikaanza vituko. Ilitoka nyumbani ikinguruma vizuri, lakini ikifika kilima cha kanisani ilikohoa mara mbili, ikazima. Vedastus alishuka, akafungua mfuniko wa tanki, akachungulia, akafunga, akapiga kiki, na pikipiki ikawaka. Siku ya kwanza Elisifa alifurahi. Siku ya tatu akaanza kujiuliza. Inakuwaje mtu huyu anajua dawa ya ugonjwa ambao baba, mwenye pikipiki, haujui?

Jioni baba alipima kila kitu. Alitoa plagi akaiangalia cheche, ikaruka safi. Alichomoa mpira wa petroli, petroli ikatiririka. Aliosha kabureta. Alishuka hadi madukani Njoro, kule mjini, akanunua waya mpya wa plagi. Kesho yake Kongwe ikazima palepale, maziwa yakachelewa, na Mama Justina, karani wa kituo, akasema yakichelewa tena hatayapokea, maana gari la kuyachukua halimsubiri mtu.

Alhamisi, kabla hakujapambazuka vizuri, Elisifa alitoka kukata majani. Akamwona Vedastus ameinama juu ya Kongwe. Alifungua mfuniko wa tanki polepole, akatulia kidogo, akaufunga, kisha akapangusa vidole kwenye suruali. Elisifa alijibanza nyuma ya migomba, akaamini kwamba petroli inaibwa.

Tangu hapo Elisifa hakuona jema lolote kwa Vedastus. Akipiga mluzi anapokamua, Elisifa aliona anaficha hatia. Akinyamaza, aliona anapanga hila. Alipoongea na mama yake kwa simu kwa lugha ya kwao, Elisifa aliamini kabisa kwamba wanapatana bei ya petroli. Akaacha hata kumwamkia. Vedastus alimtazama kwa mshangao, asiseme kitu, na ule ukimya wake ukawa ushahidi mwingine. Shuleni Elisifa alimnong'oneza rafiki yake Loveness kwamba nyumbani kwao kuna mwizi. Jioni habari ilikuwa imeshafika madukani.

Jioni hiyo hiyo akamweleza na baba.

"Nimemwona alfajiri akifungua tanki," alisema. "Anaiba petroli, baba, halafu anatia maji."

Maji hakuyaona. Neno lilimtoka tu, na likishatoka akaona aibu kulirudisha.

Baba alimsikiliza hadi mwisho. Alikumbuka kwamba Vedastus alikuwa amemwambia tanki linakosa pumzi, naye akalichukulia kama porojo. Sasa porojo ile ilimnukia uongo. Akamwita Vedastus. Vedastus akakiri kwamba hulifungua tanki kila alfajiri ili liingize hewa, lakini petroli hajaiba hata tone.

"Tanki si ng'ombe," baba alimjibu. "Halipumui. Jumamosi ukishakamua, nenda zako."

Jumamosi Vedastus alikamua, akaosha ndoo, akaaga kwa adabu na kushuka na mfuko wake kuelekea njia panda. Baba akapeleka maziwa mwenyewe, Elisifa akiwa nyuma yake. Elisifa alikuwa na uhakika kwamba leo Kongwe itapanda bila shida. Walipofika kilima cha kanisani, ilikohoa mara mbili, ikazima.

Baba akafungua mfuniko. Hewa ikavutwa ndani kwa sauti, fyuuu, kama mtu aliyekuwa amezibwa pua. Akaugeuza mfuniko na kuuchunguza. Katikati una tundu dogo la kuingizia hewa petroli inapopungua, maana bila hewa petroli haishuki kwenye injini, na tundu lile lilikuwa limejaa kitu kigumu, cheupe. Baba akakikwangua kwa ukucha, akakinusa.

"Sabuni ya mche," alisema. "Kumbe ndiyo hila yake. Anaziba tundu ili pikipiki izime, halafu ajifanye anajua kuiwasha." Akakifunga kipande kile kwenye leso na kukitia mfukoni. Leo hii, alisema, atamwonyesha mwenyekiti wa kijiji, ili mtu yule asipate kazi tena mlima huu wote.

Elisifa aliitazama leso ikiingia mfukoni. Sabuni ile aliijua. Ile Aprili, Mama Justina alipoyakataa maziwa kwa harufu, Elisifa aliona petroli ikitoka katika tundu lile na kuchuruzika hadi kwenye makopo pikipiki inapopanda. Alikuwa amewaona mafundi wa barabarani wakiziba tanki linalovuja kwa sabuni. Akafanya vivyo hivyo, harufu ikakoma, akajiona fundi, kisha akasahau.

Hakuna aliyejua ila yeye. Vedastus alikuwa ameshaondoka. Angenyamaza tu, mambo yangekwisha. Lakini ile leso mfukoni mwa baba ilimtisha kuliko fimbo.

"Baba, ni mimi," alisema, na machozi yakamtoka. "Sabuni niliiweka mimi, nikidhani nazuia maziwa yasinuke. Na maji sikuyaona. Niliongeza."

Baba hakumgombeza. Alichukua njiti, akalizibua tundu, akapiga kiki. Kongwe ikapanda kilima bila kukohoa, maziwa yakafika kwa wakati. Kisha baba akaigeuza pikipiki, wakashuka bila kupita nyumbani, na Elisifa aliona afadhali angechapwa.

Walimkuta Vedastus njia panda, ameketi juu ya mfuko wake akisubiri gari la mjini. Elisifa alipiga magoti mbele yake, akaeleza yote tangu sabuni hadi uongo wa maji. Vedastus alimsikiliza akitazama chini.

"Nilikuwa nawaza nitamwambia nini mama yangu," alisema mwishowe. "Nimefukuzwa kwa wizi. Nitalianzaje neno hilo?"

Baba akavua kofia. "Mdogo wangu, mtoto amekosa, lakini mimi nimekosa zaidi," alisema. "Pikipiki niliipima wiki nzima, kifaa kimoja kimoja, kabla ya kusema mbovu ni hiki. Wewe ulinieleza ukweli, na sikukupima hata dakika moja. Naomba unisamehe, urudi."

Vedastus alisimama. Alisema ng'ombe hawajamkosea, kwa hiyo atarudi kuwakamua jioni. Mengine wampe siku kadhaa, kwa sababu bado moyo unamuuma.

Baba akampakia nyuma, kisha akamgeukia Elisifa. "Huo mfuko utaubeba wewe, kwa miguu. Ukiwa na shaka juu ya mtu, sema ulichokiona tu, kisha muulize mwenyewe. Wewe uliongeza, na hayo uliyoongeza sasa yako midomoni mwa watu wote. Mimi siwezi kuyafuta. Ni kazi yako."

Elisifa akajitwisha mfuko na kuanza kupanda. Ulikuwa mzito, na njia ilikuwa na utelezi wa mvua. Pale dukani wanawake waliutambua mfuko, wakamuuliza kama ndio wa yule mwizi. Elisifa akautua chini.

"Si mwizi," alisema. "Mimi ndiye niliyesema uongo." Akawaeleza kisa chote, pamoja na yale maji, huku wakimtazama. Kisha akajitwisha tena, akaenda hadi nyumba iliyofuata.