Salama Tu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alichota maji, akakoroga uji, kisha akamwosha bibi yake kidonda cha mguu. Jina hilo la utani alipewa kwa kupenda kuongea. Lakini siku hizi aongee na nani? Nyumba nyingi za jirani zilikuwa zimefungwa kufuli. Vijana wote walikwenda mjini kutafuta maisha, mama yake akiwa mmoja wao, na darasani madawati yalikuwa mengi kuliko watoto.

Kila Jumapili mama alipiga simu. "Habari za huko, mwanangu?"

Bibi alimkazia macho Chiriku, akanong'ona, "Sema salama. Akisikia naumwa ataacha kazi. Tutakula nini?"

"Salama tu, mama," Chiriku alijibu. Roho ilimuuma, maana kidonda kilikuwa kimeanza kunuka.

Jumapili moja bibi aliamka na homa kali, akiwaita watu waliohama zamani. Simu ilipolia, Chiriku aliangua kilio.

"Si salama, mama! Mguu wa bibi unaoza!"

"Mungu wangu! Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua. Alinikataza nisikwambie."

"Mpelekeni hospitali sasa hivi! Nakuja."

Kusema ni rahisi! Zamani mgonjwa alibebwa juu ya kitanda chake, vijana wanne mabegani, wengine wakigombania zamu. Leo hao wanne watoke wapi? Chiriku alibisha mlango hadi mlango, akajibiwa na kufuli. Mwishowe walipatikana seremala mzee mwenye kikohozi, mwalimu wa shule na mama muuza mkaa. Wa nne alikuwa Chiriku mwenyewe, na kwa ufupi wake kitanda kililalia upande wake njia nzima.

"Usiniangushe, mjukuu wangu," bibi alinong'ona.

"Nimekushika, bibi." Bega lilikuwa likimwaka moto.

Bibi alipona, lakini mguu ulikatwa chini ya goti. Mama alipofika alikuwa amekonda mno, Chiriku akamtambua kwa sauti.

"Mama! Si ulisema unakula vizuri?"

"Nilisema, ili msihangaike," mama alikiri.

Daktari aliwatazama wote watatu. "Mmehurumiana kwa uongo," alisema. "Ningeletewa kidonda hiki mapema, ningekisafisha tu, basi. Watu wanaoishi mbali na wenzao hawaonani. Wana maneno tu. Mkidanganyana hata hayo, mmebaki na nini?"

Mama alirudi mjini, kwa kuwa kijijini kazi hakuna. Jumapili simu ilipolia, bibi aliinyakua kabla Chiriku hajaigusa.

"Habari za huko, mama?" sauti kutoka mjini iliuliza.

"Unga umekwisha, na mguu nisiokuwa nao unaniwasha," bibi alisema. "Haya, sasa wewe. Umekula leo? Na usithubutu kuniambia salama."